Jana Ulifanya Nini?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi usiku pale Raskazone, Tanga, mbele ya wenzangu tuliosoma pamoja Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kati ya mwaka 2006 na 2009, wazazi wetu, na vijana wa hapa mjini waliomaliza vyuo mwaka huu. Kuna walioniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyo, isipokuwa pale nilipokohoa.

Wazazi wetu mliokaa meza za mbele, shikamooni. Wenzangu, asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Na nyie wa kule nyuma mnaogombana na pweza, habari za jioni. Wapo waliokuja na basi la asubuhi wakidhani watageuza usiku huu huu. Mji mnaujua: waja leo, kuondoka majaliwa.

Kamati imenipa dakika 20 na kazi moja, kusoma "Taarifa za Wenzetu". Mliohudhuria mkutano wetu wa mwisho mnakumbuka taarifa ile inavyosomwa. Jina, cheo, mahali pa kazi, idadi ya watoto, makofi. Jina, cheo, mahali pa kazi, makofi. Mwenye shahada ya pili anapigiwa makofi marefu, aliyejenga anapigiwa vigelegele, na asiye na cha kusomewa haji. Mwaka ule tulikaa watu 17 kwenye ukumbi uliopangwa viti vya watu 41. Vile viti vitupu havikutajwa na mtu, wala mimi niliyekuwa katibu sikuvitaja.

Safari hii nilianza vilevile, kwa uvivu. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: jamani, kila mtu aniambie anafanya nini siku hizi nipange taarifa. Wakajibu tisa. Sita kati yao waliandika neno moja, nanyi mnalijua. "Nipo."

Neno hili sisi watu wa Pwani tunalipenda kwa sababu halidanganyi na wala halisemi kitu. Unamkuta mtu Ngamiani unamwambia "Upo?", anakujibu "Nipo", mmeshasalimiana vizuri, na hakuna aliyejua hali ya mwenzake. Kuna nipo ya mtu aliyeshiba. Kuna nipo ya mtu anayedaiwa kodi ya miezi minne na mwenye nyumba amekaa barazani. Halafu kuna "nipo nipo tu", hiyo ukiisikia usiulize zaidi, mwagizie mwenzio chai.

Basi nikashika simu. Wiki tatu, kila usiku nikishafunga duka, nikawa napiga mmoja baada ya mwingine. Sikuuliza unafanya kazi wapi. Sikuuliza umeoa, umeolewa, umejenga. Nilikuwa na swali moja tu: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulifanya nini?"

Karibu wote walicheka kwanza. Wakanyamaza kidogo. Halafu wakaanza kusema, na mwisho mimi ndiye nikawa naomba tukate, vocha inaisha.

Majina sitataja, nimeahidi. Wenyewe mmo humu, na naona wengine mmeshaanza kutazama viatu.

Nianze na mwenzetu aliyeko Kilindi. Alisomea ualimu, na mwaka 2010 alikuwa darasani tayari. Vijana mtashangaa, lakini siku zile mwalimu wa sekondari alipangiwa shule bila usaili. Sekondari za kata zilikuwa zimeota kila mahali, kuta zipo, walimu hawapo. Jana yake ilikuwa hivi: kaamka saa kumi na moja kasorobo, kafundisha vipindi sita, kasimamia foleni ya makande, kasahihisha, jioni kapalilia mahindi. Saa tatu usiku, kabla hajazima taa, kafungua simu akatazama picha.

Nikamuuliza, picha ya nani? Akasema ya hati ya mshahara.

Hapa vijana nisikilizeni, maana hili litawafika. Bodi ya Mikopo ilianza kazi Julai 2005, sisi tukaingia chuo mwaka uliofuata. Bumu, zile fedha za mkopo za kujikimu, likitoka, Mlimani nzima inanukia chipsi kuku. Tulilipokea kama zawadi ya mjomba. Novemba 2008 tuligoma kwa ajili ya mikopo hiyohiyo, chuo kikafungwa, tukarudi Tanga na mabegi yetu kama wanafunzi waliofukuzwa ada. Hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya kulipa. Mwenzetu alipoajiriwa akaanza kukatwa asilimia 8 ya mshahara. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, ikawa 15. Na juu ya deni kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kila mwaka, ikiitwa ya kulinda thamani ya mkopo, kwa hiyo unakata huku linachipua kule, kama magugu ya mpunga. Tozo ile ilifutwa mwaka 2021. "Kuna mwaka," aliniambia, "nilikatwa miezi yote kumi na miwili, deni likapungua kwa bei ya mbuzi. Tena si beberu."

Mwaka jana makato yake yaliisha. Hati ya mshahara ikaja bila ule mstari. Akaipiga picha, na nami akanitumia, ninayo hapa kwenye simu. Miaka 15 wenzake tunatumiana picha za magari na mabati mapya, yeye ana picha ya mstari usiokuwepo, anaitazama kabla ya kulala.

Wa pili yuko hapahapa, upande wa Pongwe. Alisomea takwimu. Tulikuwa tunamwita Profesa, kwa sababu usiku wa kuamkia UE, mtihani wa chuo, alikuwa anatufundisha sote pale kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje, mpaka mbu wanashiba, kesho yake sisi tunapata C na kumshukuru Mungu, yeye anapata A huku ana usingizi. Jana yake ilianza saa kumi alfajiri. Ng'ombe watano, watatu wanakamuliwa. Saa kumi na mbili dumu la lita 20 liko nyuma ya bodaboda kwenda kituo cha kukusanyia maziwa.

Siku moja nilikwenda naye, nataka niwaeleze nilichokiona. Mpokeaji anachota maziwa kidogo, anayatia kwenye kichupa, anaongeza spiriti kiasi kilekile, anatikisa, halafu anakiinamisha kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Maziwa yakiteleza kwenye kioo yakaacha ukungu laini, yamepita. Yakiacha chembechembe kama unga uliomwagiwa maji, dumu zima linarudi nyumbani. Kisha anazamisha laktomita kuona kama uliongeza maji ya bomba. Haya yote yanachukua muda wa kumeza mate mara mbili. Na mwenzetu, mwenye digrii ya takwimu, kasimama pale mikono nyuma, macho kwenye kichupa, hapumui. "Presha ya matokeo," akaniambia tulipotoka, "chuoni sikuwahi kuijua. Nimekuja kuijua hapa, kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na nusu."

Ana daftari la kila ng'ombe: lita za asubuhi, lita za jioni, siku aliyopandishwa, siku aliyopewa dawa ya minyoo. Ana na grafu. Ng'ombe mmoja anaitwa Bumu, kwa sababu anatoa akitaka mwenyewe. Mzee wake yupo ukumbini, simwangalii. Kwa miaka mitano mzee aliwaambia majirani kijana wake ni afisa mifugo wa wilaya. Sasa hivi Jumapili dumu analibeba mzee mwenyewe, na nasikia kichupa anakisimamia kuliko mwanawe.

Wa tatu yuko Chongoleani. Agosti 2017 jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liliwekwa pale, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka kwenye bahari yetu. Mnakumbuka mji ulivyokuwa. Kodi za vyumba zilipanda kabla hata kipande kimoja cha bomba hakijashuka. Kila mwenye cheti alikitoa mvunguni akakipangusa vumbi. Mwenzetu huyu, sosholojia kama mimi, amekuwa akiishi kwa mikataba ya miradi: miezi 18 hapa, miezi 9 pale, halafu miezi saba yuko kwa dada yake anapeleka watoto shule. Jana yake alikuwa na kofia ngumu na buti, kakaa kwenye mkeka na wazee wa kijiji akiandika malalamiko yao. Nikamuuliza unaonaje maisha hayo. Akanipa jibu la mtu aliyezaliwa Sahare.

"Bamvua," akasema. "Yale maji yanayojaa mpaka kwenye ngazi ya nyumba ndiyo hayohayo yanayopwa mpaka unauona mwamba. Kosa langu la kwanza ni kununua kochi wakati yamejaa."

Wakili wetu nitampitia haraka, kwa sababu yeye mwenyewe akipewa kipaza sauti tutalala hapa. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kusikia kwamba kwenye Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo wamefaulu moja kwa moja watu 26 kati ya 633. Yeye hakushtuka. Alinipigia usiku ule anacheka mpaka analia, akaniambia, "Dada, leo nimejua sikuwa peke yangu." Alikuwa hajamwambia mtu kwamba alirudia mitihani ile, hata mumewe. Jana alikuwa mahakamani, kesi ikaahirishwa, akaenda sokoni.

Kuna mwenzetu yuko Leicester, Uingereza. Huku tunasema mtu wa ughaibuni anabeba maboksi. Akasema, "Dada, mimi sibebi maboksi kwa methali. Ninabeba maboksi yana stika." Anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Saa tisa usiku ana mapumziko ya nusu saa. Kipindi cha baridi kwao, huku kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, na mama yake anapika vitumbua vya kuuza pale Makorora. Anampigia kwa video. Mama anaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, na hapo mazungumzo yanaisha. Hawaongei. Mama anageuza vitumbua, kijana anakula mkate wake kwenye kantini, nusu saa. Mteja akija anakiona kichwa cha mtu kwenye kopo la sukari anakisalimia. "Shikamoo kaka wa Ulaya." Mapumziko yakiisha anasema, "Haya mama," na mama anasema, "Haya baba." Basi. Amefanya hivyo miaka minne, na kwenye taarifa yetu ya 2019 tulimsoma hivi: yuko nje, kazi nzuri. Makofi.

Mtaniuliza, na wewe mwenyewe je? Sawa. Katibu asijifiche nyuma ya karatasi.

Babu yangu alikuja Tanga akiwa manamba, kijana wa Kiha kutoka Kasulu, akashushwa kwenye mashamba ya katani, akawa anaitwa kwa namba iliyoandikwa kwenye kipande chake, ile kadi ya kazi. Katani yenyewe nayo ni mgeni hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika hai ni 62, na kwa miche hiyo 62 babu yangu akatolewa Kasulu. Miaka ya sitini nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baba hakutaka kusikia habari za katani, akaingia reli, naye akapewa namba. Mimi nikapelekwa chuo kikuu ili namba ziishe kwenye ukoo. Nikarudi nina namba ya usajili, namba ya mtihani, na namba ya mkopo.

Nilirudi nyumbani, barabara ya 11, mwisho wa 2009. Nikakaa miaka miwili. Kila siku saa mbili asubuhi nilitoka nimepiga pasi, mkononi bahasha ya kaki. Ndani nakala za vyeti, barua nne za maombi zilizoachwa wazi mahali pa jina la ofisi, na picha ndogo za pasipoti. Mwezi wa kwanza nilikuwa kweli napita maofisini. Ofisi moja, jina nitaliacha, walinikalisha kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi saa tisa, wakaniuliza uzoefu wangu wa miaka mitano, mimi mwenye uzoefu wa miezi miwili ya kukaa nyumbani. Mwezi wa pili nikapunguza. Kufika mwezi wa sita sikuwa naenda popote. Nilikuwa natembea mpaka bustani ya Jamhuri, nakaa kwenye benchi linalotazama bandari, nahesabu majahazi, na saa saba narudi. Mama ananipokea bahasha, anauliza, "Wamesemaje?" Nami nasema, "Wamesema watapiga." Pembe za bahasha zikachakaa, nikazibandika selotepu. Ikachakaa selotepu, nikabandika nyingine juu yake.

Siku moja muuza madafu aliyekuwa anasimama pale akaniambia, bila ubaya wowote, "Binti, hii ofisi yako ya baharini inalipa vizuri?"

Sikurudi tena pale. Nililia njia nzima mpaka Barabara ya Kwanza, halafu nikaanza kucheka mwenyewe, watu wakanipisha. Jioni ile nilimwambia mama ukweli. Mama akasema, "Najua. Mwanangu, viatu vya mtu anayepanda ngazi za maofisi haviingii mchanga." Miezi sita alikuwa anavipangusa asubuhi kabla sijaamka, na hakusema neno.

Baadaye nilipata kazi ya afisa mikopo, shirika nalo nitaliacha bila jina. Niliifanya miaka mitatu, mpaka siku tuliyotoa jokofu la mama mmoja mlangoni kwake huku barafu za watoto ziko ndani zinayeyuka, na watoto wenyewe wamesimama na sarafu zao mkononi. Nikaacha. Nikanunua mashine ya kopi iliyotumika, na leo nina kibanda cha stesheneri karibu na stendi ya Kange. Natoa kopi, naskani, nachapa, na naombea watu ajira. Ndiyo, hiyo ndiyo kazi ya katibu wenu mwenye digrii: nakaa upande wa pili wa bahasha ya kaki.

Kwa hiyo nyie vijana mliomaliza mwaka huu, wengine nawafahamu, mmeshakuja dukani. Mnakuja na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, mmeiandika kiganjani, vyeti vimepigwa muhuri wa wakili, barua inakwenda kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma. Nawachapia, mnasaini, naskani, tunapakia. Baada ya wiki kadhaa mnarudi: "Anti, hebu niangalizie." Tunafungua ule ukurasa pamoja. Kuna sekunde chache intaneti inazunguka, na katika sekunde zile nimeona mengi kwenye nyuso za watu. Mwingine ameitwa usaili wa mchujo. Mwingine jina halikupita. Mwingine alifaulu mpaka mahojiano lakini nafasi zilikuwa chache, akawekwa kanzidata, anasubiri kuitwa. Nina mteja mmoja akiulizwa na mama mkwe anafanya kazi gani anajibu, "Niko kanzidata." Mama mkwe anadhani ni ofisi ya Dodoma.

Na mmoja wetu, wa mwaka wetu, ni mteja wangu wa kudumu. Ni mwalimu. Aliacha shule binafsi mwaka 2015 akitegemea kuingia serikalini, na Juni 2016 ajira zikasimamishwa kupisha uhakiki. Wafanyakazi hewa, kisha vyeti. Ripoti ilipotoka Aprili 2017 wenye vyeti vya kughushi walikuwa 9,932, na yeye mwenye cheti halali akabaki nje pamoja nao. Tangu hapo anafundisha kwa kujitolea, shule inampa posho wazazi wakichanga. Matangazo yanataka umri usiozidi miaka 45. Yeye ana 41, nazijua tarehe zake zote kwa sababu mimi ndiye ninayezijaza.

Mwezi uliopita alikuwa dukani anasubiri zamu. Mbele yake binti mmoja anaomba nafasi hiyohiyo, somo hilohilo. Binti akageuka. "Shikamoo mwalimu!" Alimfundisha kidato cha tatu. Kalamu ya binti ilikuwa imeisha wino, mwalimu akamwazima yake asaini barua. Nilijifanya natengeneza karatasi iliyokwama kwenye mashine. Binti alipoondoka nikamuuliza, hukuona vibaya? Akasema, "Niliona. Halafu nikaona kaandika barua nzuri, haina kosa hata moja. Hiyo nayo si ni kazi yangu?" Akalipa, akataka risiti.

Jana yake, nilipompigia, alifundisha vipindi vinne na jioni aliuza mkaa na mkewe. Akasema niseme hivyohivyo, mkaa nisiufiche.

Imebaki simu moja. Nilitaka kuiacha, kamati ikasema niseme, basi nivumilieni.

Wale wa Mabibo Hosteli mnamkumbuka mwenzetu aliyekuwa akipika ugali chumbani kwa jiko la umeme la kificho. Bumu likikata, chumba chake ndicho kilikuwa kafeteria yetu. Mlinzi akigonga, jiko linaingia kabatini la moto, tunakaa tumejipanga kitandani kama tunasali, na moshi unatoka kwenye nguo. Alikuwa kimya kwenye kundi kwa muda mrefu. Tulisema ameringa. Kapata, katusahau. Kuna aliyeandika hivyo, na kuna waliocheka.

Nilipiga namba yake. Ikapokelewa na mtoto wa kike.

"Shikamoo anti."

Nikasema marahaba, nipe mama. Akasema, "Mama alifariki. Sasa hivi ni mwaka wa pili." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeshalisema hilo mara nyingi kwenye simu ile. Laini ilikuwa ya mama, bibi yake hakutaka ifungwe.

Nilirudi kwenye kundi nikapandisha meseji za nyuma, mwezi baada ya mwezi, nione siku ile sisi tulikuwa tunazungumza nini. Tulikuwa kwenye mchango wa harusi ya mmoja wenu. Kulikuwa na orodha, "Wafuatao bado hawajatimiza ahadi zao." Jina lake la nne. Alikuwa na siku 11 kaburini. Na orodha ile, jamani, niliiandika mimi. Niliweka na alama za mshangao.

Mtoto yule akaniambia, "Huwa naona meseji zenu." Hakusema zaidi, nami sikuwa na la kusema. Kwa kukosa neno nikamuuliza swali lilelile nililokuwa nauliza wenye digrii. Jana ulifanya nini?

Akasema alifanya mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Hisabati ilikuwa ngumu, Kiswahili rahisi. Akacheza rede na wenzake mpaka magharibi. Akamsaidia bibi kukuna nazi. Usiku akachaji simu.

Yuko Pangani na bibi yake. Mchango wake wa shule umeshaanza, mweka hazina anazo fedha na daftari, na safari hii hakuna orodha ya wasiotoa. Atakayetoa atatoa.

Dakika zangu zimepita zamani, namwona mwenyekiti anaonyesha saa. Taarifa nyingine ninazo kwenye karatasi hii lakini sizisomi, wenyewe mpo. Kipaza sauti kinazunguka. Hatutaki cheo, hatutaki mahali pa kazi. Jana tu. Tuanze na wewe uliyekaa karibu na mlango, na usijifanye unapokea simu.